Je, Wajua? Kwa Wayahudi, Kuyahoji Maandiko Nako ni Ibada

Habari za Ibrahimu, Musa na Daudi tumezisikia tangu utotoni, wengine kanisani, wengine chuoni. Wayahudi, ambao ndio waliozihifadhi katika lugha yake ya kwanza, tunawajua zaidi kwa habari za vita na siasa kuliko kwa namna wanavyosoma. Hilo ni pengo kubwa. Nimekuwa nikiwasoma walimu wao kwa muda mrefu, na kilichonivuta ni kimoja: wanakiheshimu kitabu chao kwa kukiuliza maswali. Yafuatayo ni baadhi ya niliyoyakuta.

Je, wajua kwamba gombo la Torati lina herufi 304,805?

Hesabu hiyo inajulikana kwa sababu kila herufi ina ulinzi wake. Mwandishi hutumia kalamu ya unyoya au ya tete, huandika juu ya ngozi ya mnyama aliye halali kuliwa, na haruhusiwi kutegemea kumbukumbu hata kama sura nzima anaijua kwa moyo. Sharti aitazame nakala, alitamke neno, ndipo aliandike. Kazi hiyo huweza kuchukua mwaka na zaidi. Herufi moja ikifutika, gombo zima halisomwi mbele ya watu mpaka lirekebishwe.

Na bado gombo hilo lililolindwa hivyo halina irabu. Halina nukta, wala mkato, wala namba za aya. Msomaji ndiye anayetia irabu kwa sauti yake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Wataalamu wa Tiberia, kando ya Bahari ya Galilaya, walibuni alama za irabu na za mahadhi, na kazi yao ilifikia kilele katika karne ya 10. Nakala yao mashuhuri, Kodeksi ya Aleppo ya mnamo mwaka 930, iliharibika kwa sehemu katika ghasia za 1947 nchini Syria, na kurasa zilizosalia ziko Jerusalem. Lakini alama hizo hutiwa vitabuni tu, kamwe si katika gombo la sinagogi. Naliona jambo hili kuwa la msingi kuliko mengine yote nitakayoyataja: andiko lenyewe limeachwa katika hali ambayo, bila binadamu aliyefunzwa, halitamkiki.

Mwaka huohuo wa 1947, mchungaji wa Kibedui aliingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi akakuta mitungi yenye magombo ya kale. Gombo la Isaya, lenye urefu wa mita 7.34, liliizidi umri kwa takriban miaka 1,000 nakala kamili ya kale zaidi ya Biblia ya Kiebrania iliyokuwa ikijulikana. Watafiti walipolinganisha, walikuta maneno kwa sehemu kubwa ni yaleyale, pamoja na tofauti ndogondogo nyingi, hasa za tahajia. Kitabu pekee cha Biblia ya Kiebrania ambacho hakikupatikana hata kipande katika mapango hayo ni Esta.

Na Esta, kwa Kiebrania, hakimtaji Mungu hata mara moja! Mfalme wa Uajemi anatajwa tena na tena, ila Mungu hayumo. Walimu wa kale walilijua hilo vizuri, na bado wakakiingiza miongoni mwa vitabu vitakatifu. Walibishana pia kuhusu Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Rabi Akiva ndiye aliyeusimamia Wimbo huo kwa nguvu, akiuhesabu kuwa mtakatifu kupita maandiko mengine.

Je, wajua kwamba sheria moja ya Torati ilitokana na malalamiko ya wanawake?

Iko katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu tu hakuzaa mtoto wa kiume. Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti wanasema kweli, wapewe urithi. Sheria ya mirathi ikaandikwa upya kwa kuwafuata wao. Ibrahimu naye alikwisha kuitetea Sodoma mbele ya Mungu, akishusha idadi ya wenye haki kutoka 50 hadi 10, na hakukemewa. Mtu akisema kwamba swali ni dalili ya upungufu wa imani, mimi humwelekeza kwanza kwenye sura hizi.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote umo katika Talmudi, bahari ya mijadala ya marabi iliyokusanywa Babeli. Walimu walikuwa wakibishana juu ya tanuri lililojengwa kwa vipande, mchanga ukiwa kati yake: je, linaweza kupata unajisi? Rabi Eliezer alisema hapana. Wenzake wote walisema ndiyo. Eliezer akatoa kila hoja, wakazikataa. Ndipo akaomba ishara. Mkarobu ukang'oka ukahama dhiraa 100. Wenzake wakasema mti hauthibitishi sheria. Maji ya mfereji yakarudi nyuma, wakajibu vilevile. Kuta za nyumba ya masomo zikaanza kuinama, na Rabi Yoshua akazikemea: wanazuoni wakijadiliana, kuta zinahusikaje? Zikabaki zimeinama hivyo, hazikuanguka kwa heshima ya Yoshua, wala hazikunyooka kwa heshima ya Eliezer. Mwisho sauti ikatoka mbinguni ikimpa haki Eliezer.

Yoshua akasimama. Akajibu, kwa kuitegemea Torati yenyewe, kwamba Sheria imekwisha teremshwa Sinai na haikai tena juu, na kwamba sasa waamuzi ni watu kwa wingi wa hoja na kura zao. Baadaye, yasema Talmudi, mmoja wa marabi alikutana na nabii Eliya akamuuliza Mungu alifanya nini saa ile. Eliya akamjibu kwamba Mungu alicheka kwa furaha, akakiri kwamba wanawe wamemshinda.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, na nadhani wanakidhulumu. Talmudi inaendelea. Walimu wale walimtenga Eliezer. Akiva ndiye aliyekwenda kumpa habari, akiwa amevaa nguo nyeusi, akakaa mbali naye kidogo ili maneno yamfikie taratibu. Eliezer akalia, na mazao ya dunia yakaharibika kwa machozi yake. Mwishowe Gamalieli, kiongozi wa baraza na shemeji yake Eliezer, alikufa, na kifo chake kikahusishwa na sala ya Eliezer aliyeumizwa. Yaani waliokitunza kisa hiki waliona mawili kwa pamoja: kwamba hoja ilistahili kushinda muujiza, na kwamba walioshinda kwa hoja walimtendea mwenzao vibaya. Sijui andiko jingine la kale linalojikosoa kwa uaminifu wa namna hii.

Je, wajua kwamba Talmudi inahifadhi rai za walioshindwa? Mishna, iliyo msingi wake, inaeleza sababu mojawapo: huenda mahakama ya siku zijazo ikaona rai ya mtu mmoja ina nguvu, ikaitegemea. Nyumba ya Hillel na Nyumba ya Shammai, yaani shule mbili za walimu wa kale, zilibishana miaka mitatu, na ikatolewa hukumu kwamba maneno ya pande zote mbili ni ya Mungu aliye hai, ila sheria ifuate Hillel. Kwa nini? Kwa sababu wanafunzi wa Hillel walikuwa wapole, walifundisha rai ya wapinzani wao pamoja na yao, na walianza na ya wapinzani.

Je, wajua kwamba marabi waliwahi kukiri kwamba wasio Wayahudi waliwashinda katika elimu ya anga?

Suala lilikuwa jua huenda wapi usiku. Wenye hekima wa Israeli walidhani hurudi juu ya anga, nyuma ya kuba. Wenye hekima wa mataifa walisema hupita chini ya ardhi. Rabi Yuda, aliyeikusanya Mishna, akasema maneno ya mataifa yanaelekea kuwa sahihi zaidi, akatoa na ushahidi: chemchemi huwa baridi mchana na hutoa mvuke usiku. Ushahidi wenyewe kwa elimu ya leo haufai. Lakini tazama namna alivyofikiri: alikwenda kwenye maji ya chemchemi badala ya kutafuta aya ya kuwatetea watu wake. Na waandishi wa Talmudi hawakuona aibu kuliandika hilo katika kitabu kitakachosomwa na vizazi vyao vyote.

Karne kadhaa baadaye, Saadia, mzaliwa wa Misri mwaka 882 aliyekuja kuwa mkuu wa chuo cha Sura huko Iraki, aliliuliza swali ambalo nimelisikia hata kwa vijana wetu: kama akili inaweza kuifikia kweli, Mungu alituma manabii wa nini? Alilijibu mwaka 933 katika kitabu alichokiandika kwa Kiarabu, na jibu lake ni hesabu. Mtu ana dirhamu 1,000. Anawapa watu watano 20 kila mmoja, sita 16 na theluthi mbili, saba 14 na sehemu mbili za saba, wanane 12 na nusu, tisa 11 na sehemu moja ya tisa. Zimebaki ngapi? Atakayekokotoa atafika, ila itamchukua muda. Mwenye fedha anaweza kutuambia papo hapo kwamba zimebaki 500, akaziweka mizanini tukaona. Tukishaona, tunatulia, lakini wajibu wa kupiga hesabu wenyewe unabaki palepale. Ufunuo, kwa Saadia, humfikishia jibu mtoto, mgonjwa na mtu asiye na nafasi, ili wasiishi bila dini kwa miaka wakati wanazuoni wanakokotoa. Kokotoa, ndugu msomaji, utaona kila kundi limepata dirhamu 100.

Je, wajua kwamba kitabu kikuu cha falsafa ya Kiyahudi kiliandikwa kwa Kiarabu, na daktari?

Musa bin Maimun, anayejulikana Ulaya kwa jina la Maimonides, alizaliwa Córdoba, Hispania, mnamo 1138. Utawala wa Almohad ulipowalazimisha Wayahudi kubadili dini au kuondoka, familia yake ilihama, ikapitia Fez, mwishowe ikatua Fustat, mji ulio sehemu ya Kairo ya leo. Huko alitibu wakuu wa utawala wa Salahuddin Ayyubi. Katika barua ya mwaka 1199 anaeleza kwamba kila asubuhi alikwenda Kairo kuwahudumia wakuu, akirudi na njaa alikuta ukumbi wake umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, akawatibu mpaka usiku huku amelala chali kwa uchovu.

Alimudu kusoma ujanani kwa sababu ndugu yake Daudi alifanya biashara kwa niaba ya familia. Daudi alivuka jangwa hadi bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu, akakuta hakuna bidhaa ya maana, akaamua kusafiri mpaka India. Barua yake ya mwisho kutoka bandari hiyo ipo mpaka leo Cambridge, imeokolewa katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, ambako Wayahudi waliweka karatasi chakavu zisitupwe kwa kuwa huenda zina jina la Mungu. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, hiihii inayopiga fukwe zetu. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima kwa msiba huo. Mara nyingi huwa tunamfikiria mwanafalsafa kama mtu wa mawazo makavu. Huyu aliandika juu ya akili na Mungu baada ya kuvunjika moyo.

Kitabu chake, Dalalat al-Ha'irin, alikimaliza mnamo 1190. Ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, jinsi wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alimkusudia mwanafunzi wake aliyesoma Torati na falsafa, akachanganyikiwa katikati. Sehemu ya kwanza inapita juu ya maneno ya Maandiko yanayompa Mungu mkono, jicho, kiti na mguu, na kuonyesha kwamba hakuna hata moja la kuchukuliwa kimwili. Kisha anakwenda mbali zaidi. Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, na Mwanzo sura ya kwanza inasema uliumbwa. Ibn Maimun anaandika wazi kwamba haikatai rai ya Aristotle kwa sababu ya aya. Aya angeweza kuifasiri, kama alivyozifasiri za mkono na jicho. Sababu yake ya kwanza ya kuikataa ni kwamba Aristotle hakuleta uthibitisho. Maana yake ni kwamba uthibitisho ungekuwepo, angeisoma Mwanzo upya. Mtu huyohuyo aliandika vitabu 14 vya sheria za dini, tangu sala hadi mirathi, ambavyo Wayahudi washika dini wanavitumia hadi leo. Hakuona mgongano.

Wanazuoni wa kusini mwa Ufaransa walipomuuliza kuhusu unajimu, aliwaambia mtu aamini vitu vya aina tatu tu: kilichothibitishwa kwa akili kama hesabu, kilichoguswa na hisi tano, na kilichopokewa kutoka kwa manabii na wenye haki. Unajimu haukuingia katika lolote kati ya hayo, hata kama baadhi ya walimu wa kale waliutaja. Kwa sisi tunaoishi na matangazo ya wapiga ramli ukutani na kwenye simu, barua hiyo haijachakaa.

Si wote walioifuata njia hiyo. Yuda Halevi, mshairi wa Hispania, alikuwa ameandika mnamo 1140 kitabu cha mazungumzo cha kutetea upande mwingine. Ndani yake mfalme wa Khazar anaoteshwa kwamba nia yake ni njema ila matendo yake siyo. Anaita mwanafalsafa, Mkristo, Mwislamu, kisha Myahudi. Myahudi haanzi na hoja za kuwepo kwa Muumba. Anaanza na Mungu wa Ibrahimu aliyewatoa watu Misri mbele ya macho yao. Halevi aliona kwamba Mungu anayepatikana kwa hoja tupu hakuna mtu atakayekuwa tayari kumfia. Nikiwasoma wawili hawa, akili yangu humfuata Ibn Maimun, na katika saa za msiba huwa naelewa kwa nini watu humkimbilia Halevi.

Je, wajua kwamba mwezini kuna makreta mawili yenye majina ya wafasiri wa Biblia? Moja ni la Abraham ibn Ezra wa Hispania, jingine la Levi bin Gershon wa Ufaransa (1288–1344), aliyefasiri Maandiko na pia akaeleza namna ya kutengeneza fimbo ya kupimia pembe kati ya nyota. Mabaharia waliitumia fimbo ya aina hiyo kwa karne kadhaa.

Ibn Ezra anastahili neno zaidi. Aya za mwisho za Kumbukumbu la Torati zinasimulia kifo cha Musa. Je, Musa aliandikaje kifo chake? Talmudi yenyewe ina rai mbili: ama Yoshua ndiye aliyeandika aya nane za mwisho, ama Musa aliziandika akilia. Ibn Ezra, katika karne ya 12, alidokeza kwa mafumbo kwamba ni aya 12 zote za sura ile, pamoja na sehemu nyingine kadhaa, akasema mwenye kuelewa anyamaze. Karne tano baadaye, Baruch Spinoza wa Amsterdam hakunyamaza. Mwaka 1656, akiwa na miaka 23, jumuiya yake ya Kiyahudi ilimtenga kwa tamko kali lisilotaja kosa lake hasa ni lipi. Mwaka 1670 alichapisha, bila jina lake na kwa kuandika Hamburg mahali pa Amsterdam, kitabu kilichofumbua mafumbo ya Ibn Ezra na kusema Torati haikuandikwa na Musa. Aliishi kwa kusugua lenzi, akafa 1677 akiwa na miaka 44. Hapa siwezi kuwasifu waliomtenga. Watu waliokikariri kisa cha machozi ya Eliezer walipaswa kuwa wa mwisho kumfungia mlango kijana mwenye maswali.

Je, wajua kwamba vitabu vya Talmudi havina ukurasa wa kwanza? Karibu kila kimoja huanzia jani la 2. Mwaka 1923 Rabi Meir Shapiro alipendekeza Wayahudi wote duniani wasome jani moja lilelile kila siku. Majani ni 2,711, hivyo mzunguko huchukua takriban miaka saba na nusu, na unaoendelea sasa unamalizika Juni 2027.

Na je, wajua kwamba hapa Afrika Mashariki watu waliingia katika dini hii kwa kusoma tu? Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, alikuwa Mkristo aliyeisoma Biblia kwa Kiganda neno kwa neno. Aliona Torati inaamuru tohara na Sabato, akauliza kwa nini hazishikwi. Alipoambiwa kwamba hayo ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wafuasi wake, Abayudaya, walibaki karibu na Mbale baada ya kifo chake mwaka 1928. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, wengi wakaiacha, wakasalia takriban 300. Gershom Sizomu, mzaliwa wa jumuiya hiyo, aliwekwa kuwa rabi mwaka 2008 baada ya masomo Los Angeles, akarudi nyumbani, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Sinagogi lao liko kwenye kilima cha Nabugoye, na Sabato huko husaliwa kwa Kiebrania na Kiganda.